Ng'ombe wa Masikio Mazima

Mwalimu Komora alizikwa kijijini Ngao Jumamosi iliyopita, na mimi niliombwa nimseme. Binti yake alinipigia simu akaniambia, "Dada Yunis, wewe ndiwe tunda la kazi ya baba, njoo utoe neno." Nikaenda. Kwaya ilipomaliza nilipewa kipaza sauti mbele ya watu waliokuwa wanasinzia kwa jua, nikasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa kushika saa, nikakirudisha, nikaketi. Walidhani nimelemewa na machozi. Mama mmoja hata alinipapasa mgongo. Sikulemewa na kitu ila hasira, na hasira ya miaka mingi haina adabu ya kungoja watu watoke makaburini. Aliyekufa hasemwi vibaya, ndivyo tulivyolelewa, kwa hiyo pale kaburini nilinyamaza. Hapa sinyamazi.

Kazi yangu ni kuchora vitabu vya picha vya watoto, vile vya kurasa chache ambavyo mtoto huvishika juu chini na bado akavielewa. Nimevichora mpaka macho yamedai miwani. Waandishi wa habari wakinihoji huniuliza nilisomea wapi, na mimi hutaja chuo kwa sababu wanataka chuo. Ukweli ni kwamba nilifundishwa Garsen, mwaka nilipokuwa msichana wa kukanda unga katika hoteli ya shangazi yangu Rodha, mwaka ambao wakulima walinichukia, wafugaji wakanichukia, na shangazi mwenyewe akaniambia bora ningezaliwa bubu wa mikono. Sijapata kuelewa wanaosema ujana ni wakati mtamu. Wangu ulikuwa mchungu, na kila kitu ninachokijua kuhusu kuchora nilikipata mle mle kwenye uchungu.

Vitabu vya picha nilivipenda kabla ya kujua kusoma. Chekechea yetu ilikuwa na sanduku la vitabu vilivyotumwa kutoka mbali, vyenye watoto waliovaa kofia za sufu, mbwa waliolala vitandani na barafu iliyoanguka kutoka mbinguni. Nilivisoma mpaka gundi ikaachia. Nilivipenda na vilinikera, kwa sababu ndani ya sanduku zima hapakuwa na mtoto hata mmoja mwenye matope miguuni. Nilipokwenda kuishi kwa shangazi nilibeba vile vilivyokuwa bado na majalada, na mchana, wateja wakipungua, niliwasomea watoto waliokuwa wanasubiri basi na mama zao. Wateja walinicheka: mwanamke mzima, kifua kimejaa, anasoma vitabu vya watoto. Nikawaacha wacheke, nikawa natazama vidole vya watoto. Mtoto hapitishi kidole juu ya asichokijua. Kwenye barafu walipita kama hawaioni, lakini pale pembeni palipokuwa na kuku mmoja mdogo aliyechorwa kwa haraka, kila mtoto aliweka kidole. Nilianza kuchora kwa ajili ya vile vidole. Nilichora migomba, kambare, mitumbwi na mashimo ya barabara, nyuma ya kalenda za zamani, kwa makaa kwanza, halafu kwa wino.

Mwalimu Komora alikuwa mkuu wa shule aliyestaafu. Alipata wafadhili wa kutengeneza vitabu vya chekechea za huku kwetu deltani, akapewa chumba katika ghala la zamani la mpunga, na alipoona michoro yangu ukutani pale hotelini akanichukua. Alikuwa mrefu, mwenye suti moja ya kahawia iliyonuka kafuri, na alizungumza Kiswahili cha mtihani hata na mbuzi. "Picha ni mapambo, binti," aliniambia siku ya kwanza. "Kitabu ni maneno. Usisahau hilo na tutaelewana." Hatukuelewana. Hadithi ya kitabu cha kwanza aliitunga mwenyewe: msichana wa Kiorma anayeitwa Hawo anateremsha ng'ombe mtoni, ndama anachepuka na kuingia katika shamba la mahindi la mvulana wa Kipokomo, na wale watoto wawili wanamtoa pamoja. Wazo halikuwa baya. Maneno yalikuwa mabaya. Kila ukurasa uliishia kwa onyo, na hata ndama alionywa. Lakini kilikuwa kitabu chenye matope, na mimi ndiye niliyepewa kuyachora, kwa hiyo nilimeza. Nilikitaka kile kitabu kuliko nilivyowahi kutaka mwanamume au nguo. Nilitaka mtoto mmoja tu pale stendi aweke kidole kwenye kila ukurasa.

Nilichora ng'ombe kwa kuwatazama. Nilikwenda malka, ile njia iliyoachwa kati ya mashamba ili mifugo wateremkie mtoni, nikakaa juu ya gogo na ubao magotini huku wachungaji wakinirushia mabonge ya udongo wakidhani nahesabu mifugo kwa niaba ya serikali. Ng'ombe mmoja mweupe alikubali kusimama. Nilimchora nundu, nilimchora mbavu, nilimchora hata inzi wa machoni, na masikio nilimchora kama yalivyokuwa: la kulia zima, la kushoto lina mapengo mawili upande wa chini. Nilijua wafugaji hukata masikio ya ng'ombe, mtu wa huku atakosaje kujua. Lakini nilijua kama ninavyojua kwamba kidole changu kina mistari. Kuisoma sikujua.

Kurasa zilizokauka nilizitundika hotelini kwa vibanio vya nguo, kwenye kamba iliyovuka kutoka kabati la vyombo hadi dirishani. Huo ulikuwa, na mpaka leo ni, mtindo wangu wa kazi. Mchoro nautundika mahali watu wanapokula, kwa sababu mtu akiwa na njaa hana heshima ya uongo. Shangazi alilalamika kwamba wino utadondoka katika mchuzi. Mwalimu alilalamika kwamba kazi ya wafadhili haianikwi kama chupi. Nikaianika. Asubuhi moja akaingia Mama Guyo, mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa kila siku. Aliweka dumu lake chini, akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, akasimama mbele ya ukurasa wa ndama. Ndama alikuwa amezama katika mahindi mpaka shingoni, na nyuma yake, katika malka, mama yake mweupe ameinua kichwa anamwita. Mama Guyo akaweka kidole juu ya sikio.

"Hii ng'ombe ya Barisa," alisema, akacheka. "Angalia. Pengo mbili ya chini, mkono ya kushoto. Hii ni Barisa kabisa. Wewe msichana naona vizuri."

Nimesifiwa baada ya hapo na watu wenye vyeo. Hakuna sifa iliyonifikia mfupani kama ile. Mwanamke ambaye hakwenda shule hata siku moja alikuwa amesoma picha yangu, si kuitazama, kuisoma, na ndani yake akakuta jina ambalo mimi mwenyewe sikujua kwamba nimeliandika. Nilisimama na unga mikononi nikitabasamu kama mjinga. Furaha yangu haikudumu hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, maana katika meza ya pembeni alikuwa ameketi Mzee Buya, na Mzee Buya alikuwa amesikia.

Mzee Buya alikuwa mkulima aliyepakana na malka. Mwaka uliotangulia ng'ombe walikuwa wameingia shambani mwake mahindi yakiwa yamekomaa, wakamwachia mabua. Alimshtaki Barisa kwa chifu, Barisa akakana, shahidi hakupatikana, kesi ikalala. Sasa mzee aliinuka, andazi mkononi, akaja mpaka kwenye kamba. Hakupandisha sauti. "Rudia hapo, mama," alimwambia Mama Guyo. "Umesema ng'ombe wa nani?" Mama Guyo aliokota dumu lake likiwa bado limejaa, akatoka nalo, na chai ya siku hiyo tuliwapa wateja bila maziwa.

Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa na habari kwamba mpwa wa Rodha aliwaona ng'ombe wa Barisa wakila mahindi na amechora ushahidi. Mzee Buya alirudi na wenzake, akanikalisha chini mbele ya shangazi. Nilimwambia ni hadithi, imetungwa na Mwalimu, mimi sikuwapo shambani, hata mwaka huo sikuwa naishi Garsen. "Binti yangu," akasema, kwa upole wa mtu anayemtega kuku, "kama ni uongo, mbona sikio ni la kweli?" Kesho yake akaja Barisa mwenyewe, mtu mwembamba mwenye kilemba, pamoja na vijana waliosimama mlangoni na fimbo zao hata wateja wakaanza kukumbuka safari. Aliagiza chai ya rangi, akaitazama bila kuigusa.

"Nani alikutuma wewe kuandika ng'ombe yangu?"

"Hakuna aliyenituma, mzee."

"Wewe ulikuwa wapi hiyo siku?"

"Sikuwapo. Ng'ombe wako nilimwona mtoni anakunywa maji. Ndama ni wa hadithi tu."

"Ndama ni ya hadithi," alisema polepole. "Mahindi ni ya hadithi. Na sikio? Sikio pia ni ya hadithi?"

Wazee wale wawili hawakukubaliana juu ya kitu kingine chochote mwaka ule, si maji, si mpaka, si Mungu. Juu yangu waliafikiana neno kwa neno. Nimeishi na swali lao tangu siku hizo, na leo ningeweza kulijibu kwa maneno ya semina, kwamba sanaa huchota katika uhalisi na mengineyo. Lakini semina ni za watu ambao mahindi yao hayajaliwa. Wale walikuwa wasomaji wakali na walikuwa na haki ya kuwa wakali. Waliamini kwamba mtu akichora kitu sawasawa anawajibika nacho. Mimi nikiwasomesha vijana wa kuchora huwaambia hivyo hivyo, nao hunitazama kwa huruma.

Waorma waliacha kutuletea maziwa. Hoteli ya stendi isiyo na chai ya maziwa ni banda tu, na wateja wakahamia ng'ambo ya barabara. Shangazi Rodha alizishusha kurasa zangu kwa mkono mmoja, vibanio vikaruka. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alisema. "Wewe umesifiwa mara moja tu, na muuza maziwa, tayari umenitia maji mimi." Wakati wa kula aliniwekea sahani yangu kwenye ngazi ya nyuma, ugali na mchuzi wa kambare bila kambare, nami nikala nikitazama punda wa majirani. Usiku nilimsikia kupitia ukuta wa mabati akimwambia jirani kwamba mtoto wa kaka yake ana macho ya uchawi, kila anachokitazama kinageuka kesi. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayetaja kilema cha mtoto, na hiyo iliniumiza zaidi.

Mwalimu Komora aliniita ghalani. Aliuweka ule ukurasa mezani, akaweka rula juu ya sikio kana kwamba linaweza kukimbia. "Utayajaza mapengo," alisema. "Ng'ombe wote, kurasa zote, masikio mazima. Hapo hatutakuwa na ng'ombe wa fulani." Nikamwambia kwamba ng'ombe mkubwa mwenye masikio mazima huku kwetu hayupo, kwamba watoto wa Kiorma watamcheka, watasema huyu ameibwa au ametoka kwenye makopo ya maziwa. "Watoto hawatazami masikio," akasema. Niliwahi kumchukia kabla ya hapo kwa sababu ndogo ndogo, kafuri yake, maonyo yake. Kwa neno lile nilimchukia rasmi. Mtu aliyekaa darasani maisha yake yote hakuwahi kutazama kidole cha mtoto. Nilimwambia nitatafuta alama isiyo ya mtu yeyote, nichore hiyo, ng'ombe wawe wa kweli na wasiwe wa kesi. Alifikiri, akatoa rula. "Itafute," alisema. "Ukiipata, na wazee wa pande zote wakairidhia, mimi sina neno." Nayarudia maneno yake kama yalivyotoka kinywani mwake: mimi sina neno.

Alama isiyo ya mtu haitungwi. Hilo nililifahamu nyumbani kwa Mama Guyo, nje ya mji, ambako nilikwenda kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwendea. Hakunikaribisha. Alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake ya miti na mikeka, anafukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, na mjukuu wake wa kike alikuwa amelala usingizi mgongoni kwake. Alinitazama nimesimama juani na akaniacha nisimame. "Mdomo yangu imeuza mtu," alisema baadaye. "Barisa hanipi maziwa tena. Watu wake wanasema mimi nilikula pesa ya Wapokomo. Wewe umekuja kuchukua nini ingine?" Nikamweleza. Nilimwambia ningeweza kubuni, pengo moja hapa, mkato pale. Alicheka kwa kudharau. Kila mkato nitakaobuni, alisema, una mwenyewe, kama si hapa ni Bangale, kama si Bangale ni mbele huko, na kitabu kina miguu. Kibuyu kilifuka moshi. Mtoto aliamka, akanitazama juu ya bega la bibi yake, akalala tena.

Kisha Mama Guyo akaniita kwa kichwa. Nikachutama mbele yake, naye akanishika sikio la kulia kwa vidole vyake vyenye harufu ya moshi na samli, akalikunja kama anavyoshika mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Kwa ukucha wa dole gumba alinionyesha, juu kwenye ncha, mkato ulioingia katikati na kuiacha ncha imegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Alibonyeza mpaka nikauma meno.

"Hapa tu," alisema. "Ya kushoto unaacha nzima. Hii ilikuwa ya mzee yangu, baba ya Guyo. Ng'ombe yake iliisha na ukame, yote, mpaka ile ya mahari. Yeye pia aliisha. Guyo yuko Nairobi, analinda geti ya watu. Hakuna mtu anakata hii sasa."

Nikamuuliza kama ana hakika. Alinibonyeza tena, kwa hasira safari hii. "Mimi nakupa ng'ombe, wewe nauliza hakika. Weka. Lakini weka vizuri, huyu mtoto hajaona ng'ombe ya babu yake hata moja."

Nilirudi Garsen na alama ya ukucha kwenye sikio, nikaanza upya kila ukurasa. Sikurekebisha zile za zamani, nilichora mpya, kwa sababu ng'ombe mwenye sikio jingine ni ng'ombe mwingine na husimama vinginevyo. Nilimpa yule mweupe shingo nzito zaidi. Nilimpa ndama miguu mirefu. Msimu ule mvua zilikuja, njia ikawa tope, mji ukasinyaa, na mimi nikachora katika chumba cha nyuma huku shangazi akipitisha chai ya rangi mlangoni bila salamu. Sijapata kuchora vizuri namna ile. Labda mtu huchora vizuri akiwa hana wa kumpendeza. Nilijua kila mstari ni wa nani na utasomwa na nani, na mkono wangu, uliozoea kukimbia, ukaacha kukimbia.

Wazee waliitwa hotelini kuutazama ukurasa mpya wa ndama. Mzee Buya alipoona mapengo hayapo alitema mate nje ya dirisha, akasema nimenunuliwa, lakini akakiri kwamba ng'ombe huyu hamjui. Barisa aliushika ukurasa karibu na uso. Alipitisha ukucha juu ya ncha ya sikio, mara mbili, hata vijana wake mlangoni wakaanza kutazamana. "Hii ya marehemu," alisema mwishowe, si kwetu. Alipakata ule ukurasa magotini kwa uangalifu, akavuta kikombe chake, akanywa chai yote. Wiki ile maziwa yakarudi, na Mama Guyo akarudi nayo. Shangazi alinirudishia kambare wangu mchuzini bila kusema lolote, na mimi nikamla bila kusema lolote. Mwalimu Komora alizikagua kurasa moja moja, akatikisa kichwa kukubali, akazifunga kwa karatasi ya kaki na kuzipeleka Mombasa kwa mpiga chapa.

Maboksi yalifika mvua zilipokatika. Niliyafungua mwenyewe ghalani bila kungoja mkasi, kwa sababu sikuwahi kukiona kitabu changu. Wino mpya una harufu, wanaoipenda wananielewa. Nilifungua ukurasa wa mahindi, na yule ng'ombe mweupe akanitazama na masikio mazima. Mtu alikuwa ameijaza ile ncha kwa wino mweusi mzito, kwa mkono usiojua, sikio likawa la duara kama kijiko. Nikafungua mwingine. Kijiko. Ng'ombe wote wa kitabu kile walikuwa na vijiko vichwani, na juu ya jalada palikuwa na jina la Mwalimu peke yake.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, koti limefungwa vifungo vyote. "Nilifanya mwenyewe," alisema kabla sijauliza. "Katika chumba cha wageni, Mombasa, kabla ya kwenda kwa mpiga chapa."

"Wazee waliridhia. Ulisema huna neno."

"Leo wameridhia. Na mwaka kesho, watu wa marehemu wakitokea Bangale wakasema alama ni yao? Wewe hukuwapo vita vilipoingia kijijini kwetu, binti. Mimi nimezika wanafunzi wangu. Nimezika watoto ambao nilikuwa bado sijawarudishia madaftari yao. Sikio la ng'ombe haliwezi kuwa sababu ya kuzika mwingine."

"Na Mama Guyo nimwambie nini?"

"Mwambie ni kitabu cha watoto."

Najua alichokuwa anakiogopa. Nimekwisha kuwa mtu mzima, na mimi nimehudhuria mazishi ya namna hiyo, na kuna siku humfikiria akiwa ameinama juu ya meza ya chumba cha wageni, miwani puani, anajaza masikio moja moja kwa hofu ya kweli. Huenda alituokoa. Hakuna anayeweza kunithibitishia kwamba hakutuokoa. Lakini hofu yake aliimwaga juu ya wino wangu, na juu ya marehemu wa mwanamke ambaye hata hakwenda kumuuliza, na hilo nilikataa kumsamehe akiwa hai na nakataa sasa. Nilimwambia kwamba yeye ni mwoga na hadithi yake ni mbovu. Akanifukuza kazi. Nikachukua nakala moja nikatoka, naye hakunizuia.

Mama Guyo alikuja na maziwa kesho yake, na safari hii alikuwa amemleta mjukuu wake amemvika gauni la sikukuu. Alikuwa amesikia kwamba kitabu kimefika. Nilitamani nikifiche, nikashindwa, kwa sababu mtoto alikwisha kukiona juu ya meza na kukivuta. Walikaa kwenye benchi, bibi akafungua. Nilisimama karibu na jiko nikisubiri kutukanwa. Alitazama ukurasa wa kwanza wa ng'ombe, akapitisha kidole kwenye sikio la duara, akafungua mwingine, na mwingine, mpaka mwisho. Shangazi Rodha aliacha kupepea moto.

"Hii ng'ombe ni ya nani?" Mama Guyo aliniuliza.

"Ni Mwalimu, mama. Mimi nilichora kama ulivyoniambia. Ncha amezijaza yeye."

"Mimi sikuuliza nani alifanya. Ni ya nani?"

"Si ya mtu."

Akanyoosha mkono bila kunitazama. "Leta wembe."

Shangazi ndiye aliyeuleta, kutoka nyuma ya kioo, angali ameushika mwiko. Mama Guyo aliukunjua ule ukurasa vizuri juu ya meza, akalishika sikio la kulia la ng'ombe kati ya vidole viwili kama alivyolishika langu, akakata karatasi kwenye ncha, mara mbili, kipembetatu kidogo kikaanguka mezani. Alikipuliza. Akafungua ukurasa mwingine, akashika, akakata. Hakuharakisha na hakuruka hata mmoja, wala wale wadogo wa nyuma niliowachora kwa mistari michache tu kujaza ukingo wa mto. Wateja waliingia, wakaona, wakakaa bila kuagiza. Alipomaliza alifuta wembe kwa mtandio, akampa mtoto kitabu, akamwambia kwa Kiorma maneno mafupi ambayo sikuhitaji kufasiriwa.

Mtoto aliuweka mkono wake juu ya ukurasa, akatia kidole katika tundu la sikio la kwanza, akacheka. Halafu akaanza kuwahesabu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama walivyomfundisha chekechea. Bibi yake akampiga kofi jepesi juu ya kidole, kwa ukali wa mtu anayeogopa husuda.

"Wacha," alimwambia, kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Ng'ombe ya mtu haihesabiwi."